Kabla ya Kwenda Kusoma Ng'ambo: Ushauri wa Mtu wa Saiba

Mimi nina saiba hapa Mwembe Tayari, Mombasa. Watu huja kuskani, kutoa kopi, kujaza fomu za eCitizen na kupiga picha za paspoti. Matokeo ya KCSE, mtihani wa kidato cha nne, yakishatangazwa, huanza kuingia wazazi na watoto wao, bahasha ya kaki kwapani: "Ami, huyu tunataka aende kusoma ng'ambo, tufanyie." Haya ninayoandika ndiyo ninayowaambia, na la kwanza ndilo linalonikosesha pesa: usinipe nikujazie. Vuta kiti, shika kibodi, jaza mwenyewe. Mimi nitakaa ubavuni nikuangalie, na nitakutoza saa za kompyuta tu.

Huko uendako utajaza fomu ya bweni, ya benki, ya bima, ya laini ya simu, ya kuandikisha anwani, nyingine kwa lugha usiyoijua, na hakuna ami wa saiba. Kijana aliyeshikiwa kila karatasi na babake mpaka mlango wa uwanja wa ndege hufika hajui hata paspoti yake inakwisha lini. Sisi wa Mombasa tumelelewa na "nina mtu wangu pale": mtu wangu Uhamiaji, mtu wangu bandarini, mtu wangu kaunti. Kule huna mtu wako pale. Kwa hiyo mwaka huu wa matayarisho uchukue kuwa ndio mazoezi yenyewe. Na ni mwaka kweli. Vyuo vya Uingereza huanza Septemba, vya Ujerumani Oktoba, vya Marekani Agosti au Septemba. Hesabu ukirudi nyuma kutoka hapo, utoe miezi ya viza, utoe miezi ya kusubiri jibu la chuo, utaona kwamba aliyeanza Juni kwa ajili ya Septemba hiyo hiyo amechelewa.

Anza na barua pepe. Fungua mpya, yenye jina lako, si ile yenye jina la Arsenal na mwaka uliozaliwa. Neno la siri lisiwe namba ya simu ya mamako, na kabla hujainuka kwenye kompyuta yangu au ya mwingine, toka kwenye akaunti. Ifungue hiyo barua pepe kila siku, hata lile folda la takataka, kwa sababu vyuo hupenda kuandika na havina haja ya kupiga simu. Barua ya kukubaliwa huwa na siku ya mwisho ya kujibu, nayo hupita kimya kimya.

Jina lako, herufi kwa herufi

Mafaili mengi ninayoyaona yakikwama hayakwami kwa alama za mtihani. Hukwama kwa jina. Cheti cha kuzaliwa kinasema Fatuma, kitambulisho kinasema Fatma. KCSE ni Mohamed, paspoti ni Mohammed. Baba ni Said huku na Saidi kule, na jina la babu lipo kwenye cheti kimoja, kwenye kingine limeachwa kwa sababu karani siku ile alikuwa na haraka. Hapa hakuna anayejali, tunajuana. Afisa wa viza hakujui wewe wala babako. Kwake Mohamed na Mohammed ni watu wawili mpaka umthibitishie kuwa ni mmoja.

Kwa hiyo toa vyeti vyote mezani: cha kuzaliwa, KCPE ya shule ya msingi, KCSE, kitambulisho, cha chuo kama unacho. Soma herufi moja moja. Andika kila tofauti, pamoja na tarehe ya kuzaliwa. Kisha fuata jina lililo kwenye cheti cha mtihani, maana hicho ndicho kigumu kubadilisha, na paspoti ambayo bado haijatoka ndiyo rahisi kuielekeza. Tofauti ndogo wakati mwingine hutulizwa kwa hati ya kiapo mbele ya wakili. Tofauti kubwa hutaka kubadilisha jina rasmi: wakili aandike hati, isajiliwe, kisha itangazwe kwenye gazeti rasmi la serikali. Hilo halimaliziki kwa wiki moja, hata uwe na mtu wako pale.

Liko jingine. Fomu za nje zinataka jina la kwanza na jina la ukoo. Wenye jina la mlango, kama akina Mazrui, hawana taabu. Sisi wengine tuna letu, la baba, na la babu, basi. Jina la babu ndilo litakalogeuka kuwa la ukoo, na mwalimu wako atakuita kwa jina la babu yako mpaka umalize digrii. Haidhuru. La maana ni kuchagua mpangilio mmoja, ule ulio kwenye paspoti, uutumie kila mahali: chuo, benki, bima, tiketi ya ndege. Wanaobadilisha mpangilio kati ya fomu na fomu hujitengenezea watu watatu, kisha huhangaika kuwaunganisha.

Paspoti ya kurasa 34 ni shilingi 7,500 tangu ada zilipopandishwa mwaka 2024. Ya kurasa 50 ni 9,500. Mwanafunzi inamtosha ya 34. Unaomba kwenye eCitizen, unalipa, unachapisha, halafu unakwenda mwenyewe ofisi ya Uhamiaji, jumba la Uhuru na Kazi, kupigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole. Ikiwa hata kitambulisho hujakipata, anzia hapo, nenda Huduma Centre pale Posta, na uende na vitambulisho vya wazazi wako na hata vya babu zako kama vipo. Kuna familia za hapa Pwani ambazo zimezoea kuulizwa maswali zaidi ya wenzao, na wazee wa nyumba hizo wanajua ninachosema. Heri kubeba karatasi isiyotakiwa.

Cheti cha KCSE usikilaminishe. Mashine ninayo, na pesa zako nazitaka, lakini muhuri haushiki juu ya plastiki, na kuna ofisi hazikubali kuthibitisha cheti kilichofunikwa. Kama cheti bado kimezuiwa shuleni kwa sababu ya karo, nenda sasa ukazungumze na mkuu wa shule. Serikali imeshaamuru mara nyingi vyeti visizuiwe, na bado naletewa vijana wenye karatasi ya matokeo tu.

Kuskani nako kuna adabu yake. Skani kwa rangi, iwe PDF, kila cheti faili lake, na jina la faili liwe jina lako na jina la cheti. Picha uliyopiga kwa simu juu ya mkeka, kidole gumba kikionekana pembeni, si skani. Fomu nyingi hukataa faili kubwa, kwa hiyo mwambie mtu wa saiba alipunguze bila kuyafifiza maandishi. Weka nakala kwenye barua pepe yako, nyingine kwenye flashi, nyingine kwa mtu mmoja wa nyumbani anayejua kutuma.

Mawakala na pesa za bure

Wako mawakala waaminifu. Lakini jua wanavyokula: wengi hulipwa kamisheni na vyuo, ndiyo maana huduma yao huwa "bure", na ndiyo maana watakusukuma kwenye chuo kinachowalipa vizuri, si kinachokufaa wewe. Ukipewa jina la chuo, lisome mwenyewe kwenye tovuti ya chuo hicho, kisha uiandikie ofisi ya udahili ukiuliza kama wakala huyu wanamtambua. Karo ilipe kwenye akaunti ya chuo moja kwa moja. Wazazi wa Uasin Gishu walilipa kupitia mpango wa kaunti wa kupeleka watoto Finland na Kanada, na mwaka 2023 walikuwa barabarani Eldoret wakidai pesa zao. Kama mpango wenye muhuri wa kaunti ulifika huko, basi wakala mwenye meza moja ghorofani na picha ya Big Ben ukutani usimkabidhi pesa taslimu.

Ufadhili wa kweli hauna ada ya kuomba. Wa serikali ya Uturuki, Türkiye Bursları, hufunguliwa Januari 10 na kufungwa Februari 20. Kwa digrii ya kwanza uwe chini ya miaka 21, na mwaka wa kwanza ni wa kujifunza Kituruki. Hungary wana wao uitwao Stipendium Hungaricum, ambao Kenya imo, na siku yake ya mwisho huwa Januari. Chevening ya Uingereza ni kwa shahada ya uzamili, tena kwa mwenye miaka miwili ya kazi, kwa hiyo mtoto aliyemaliza kidato cha nne juzi asipotezewe muda nayo. Wanaotaka kusoma dini wameshajua njia ya Azhar na ya Madina kupitia walimu wao. Hizi zote unaomba mwenyewe kwenye tovuti zao. Akitokea mtu akikutaka shilingi elfu kumi za "kufungulia faili la ufadhili", chukua bahasha yako uondoke, na usione haya.

Kuhusu mtihani wa Kiingereza: kabla hujalipia IELTS, kiulize chuo kama kitakubali alama yako ya Kiingereza ya KCSE. Vyuo kadhaa vya Uingereza hukubali. Ukilazimika kuufanya, matokeo yake huhesabiwa miaka miwili tu, usiharakishe kabla hujajua unaomba lini.

Hesabu iwe mezani, watu wote wakiwapo

Hapa ndipo pagumu, na hapa ndipo watu wa nyumbani kwetu hawapendi kuongea wazi. Baba husema "Mungu atajaalia", mama hunyamaza, kijana huogopa kuuliza. Amina, Mungu atajaalia, lakini ubalozi unataka taarifa ya benki.

Chukua Ujerumani. Vyuo vingi vya umma havitozi karo, isipokuwa jimbo la Baden-Württemberg, ambalo linawatoza wanafunzi wa kutoka nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula, na vyuo vichache vingine vilivyoanza kufuata njia hiyo. Watu husikia "bure" wakashangilia. Kisha wanaambiwa kuhusu akaunti iliyofungwa: tangu Septemba 2024, mwanafunzi huweka euro 11,904 za mwaka mzima, na akifika huruhusiwa kutoa 992 kwa mwezi. Kwa shilingi zetu hiyo ni zaidi ya milioni moja na nusu, na inatakiwa kuonekana kabla ya viza. Tena mwenye KCSE peke yake mara nyingi hupitia kwanza mwaka wa matayarisho uitwao Studienkolleg, kwa hiyo ongeza mwaka kwenye hesabu.

Uingereza karo ndiyo kubwa, na juu yake kuna ada ya matibabu, pauni 776 kwa kila mwaka wa viza, inayolipwa yote kwa pamoja unapoomba viza. Pesa za karo na za kujikimu zikae benki siku 28 mfululizo bila kushuka chini ya kiwango hata siku moja. Na akaunti iwe yako au ya wazazi wako. Hili huwavunja wengi. Mombasa tunajua kuchanga: ami aliyeko Dubai atatoa, shangazi wa Lamu atauza bangili, jamaa wa msikitini watapitisha bahasha. Vizuri kabisa, lakini pesa zikiwa kwenye akaunti ya ami Dubai, kwa afisa wa viza hazipo. Zihamishwe kwa baba au kwako mapema, zitulie, kisha ndipo siku 28 zianze kuhesabiwa, na muwe na karatasi ya kueleza zilikotoka. Mlima wa pesa uliomea kwenye akaunti usiku mmoja huleta maswali.

Marekani nako, chuo kikishakupa fomu ya I-20, kuna dola 350 za kusajiliwa kwenye mfumo wao wa wanafunzi, na ada ya viza kando. India ni nafuu zaidi, na ndiyo maana nusu ya wafamasia mnaowajua mjini wamesomea huko, au ndivyo wanavyosema wao. Viwango hivi hubadilika, kwa hiyo siku unapoomba visome upya kwenye tovuti ya ubalozi.

Kisha zungumzeni kuhusu kazi. Kijana husema, "Nikifika nitafanya vibarua nilipe karo." Sheria haimruhusu kufanya kazi kiasi hicho. Uingereza ni saa 20 kwa wiki wakati wa muhula. Ujerumani ni siku 140 nzima kwa mwaka, au nusu siku 280. Marekani mwaka wa kwanza ni ndani ya chuo tu. Kibarua kitakupa chakula na nauli, karo kitakuachia. Na mama aambiwe mapema kabisa kwamba mwaka wa kwanza hakuna kitakachotumwa nyumbani, hata sikukuu. Nimesikia vijana wakilia kwa simu hapa saibani kwa sababu ndugu zao wameanza kudai simu mpya mwezi wa pili. Afadhali maneno machungu sebuleni sasa.

Safari ya Nairobi

India wana ofisi yao ndogo ya ubalozi hapa hapa mjini, barabara ya Nkrumah. Nchi nyingine nyingi utakwenda Nairobi, kwa alama za vidole, kwa mahojiano, na kwa wale wa Uingereza wanaokaa zaidi ya miezi sita, kwa kipimo cha kifua kikuu. Cheti cha kipimo hicho huisha baada ya miezi sita, usikipime mapema mno.

Treni ya Madaraka Express daraja la kawaida ni shilingi 1,500, kutoka Miritini mpaka Syokimau, na tiketi zake wakati wa likizo hukwisha haraka. Nenda siku moja kabla. Usijaribu kuamkia treni kisha uingie ubalozini jioni hiyo hiyo. Pale Syokimau bado uko mbali na balozi za Gigiri, na foleni za Nairobi hazijali miadi yako. Lala kwa jamaa, piga pasi shati, pitia faili lako.

Kwenye mahojiano utaulizwa mambo matatu kwa sura mbalimbali: kwa nini kozi hii na chuo hiki, nani analipa, na baadaye utafanya nini. Jibu kwa sentensi mbili tatu, kwa maneno yako. Kijana aliyejaza fomu mwenyewe hujibu bila kubabaika kwa sababu anajua alichoandika. Aliyejaziwa na wakala huulizwa jina la kozi yake akaanza kufikiri.

Anayekwenda India achanjwe homa ya manjano angalau siku kumi kabla ya kusafiri, na ile kadi ya manjano aishike pamoja na paspoti. Kadi hiyo sasa ni ya maisha, ukishachanjwa mara moja basi.

Begi

Jaketi usilinunue dukani mjini. Nenda soko la Kongowea asubuhi siku ya kufunguliwa mabelo ya mitumba, utapata jaketi la Ulaya lenyewe, lililotoka huko huko kwenye baridi, kwa bei ya shati. Nunua moja zito na sweta mbili. Viatu vya theluji viache, utanunua huko ukishaona wenzako wanavaa nini. Leso chukua mbili au tatu, hata kama wewe ni mwanamume: ni taulo, ni shuka, ni mswala, ni pazia la dirisha la bweni ambalo halina pazia. Kikoi pia.

Bizari nzima, iliki, mdalasini na pilipili manga chukua Marikiti, zisizosagwa, kwenye mifuko iliyofungwa. Nyama na maziwa usipeleke Ulaya, hata nyama kavu ya mama, zitatupwa mbele ya macho yako. Samaki mkavu wa kula mwenyewe sheria ya Ulaya humruhusu kuingia, lakini fikiria watu utakaokaa nao chumba kimoja na nguo zitakazolala naye begi moja. Miraa na muguka usithubutu. Hapa tunagombana kuhusu muguka kaunti na mahakamani, kule Uingereza miraa imekuwa dawa ya kulevya kisheria tangu 2014, na kwa Marekani na Ujerumani ni hivyo hivyo. Na mzigo wa mtu usiubebe. Hata wa jirani. Hata kama ni "halwa tu ya mwanangu". Mwambie begi limejaa. Likifunguliwa uwanjani, jina lililo kwenye kibandiko ni lako.

Plagi yetu ya miguu mitatu ya bapa ndiyo ya Uingereza, huko huhitaji kitu. Ulaya bara ni miguu miwili ya mviringo, nunua adapta. Marekani umeme wenyewe ni nusu ya wetu, kwa hiyo chaja ya simu na ya laptopu itafanya kazi kwa adapta, ila pasi na birika ulivyonunua hapa viache kwa mama.

Paspoti, barua ya chuo, vyeti halisi, taarifa ya benki, anwani ya utakakolala na dawa zako viingie begi la mkononi. Mzigo wa kupakia huweza kuchelewa siku mbili. Karatasi haziruhusiwi kuchelewa.

Mambo ambayo mama hawezi kukufungia begini

Vijana wa kiume wa mji huu, niwaambie: jifunzeni kupika kabla ya kuondoka. Wali, mchuzi wa samaki au kuku, maharagwe, na chapati ukiweza. Vinne vinatosha mwaka wa kwanza. Ingia jikoni na mamako mwezi mzima, na uoshe sufuria pia. Tui la kopo linapatikana karibu kila mji mkubwa, na maduka ya Waturuki na Wahindi yatakusaidia kwa nyama ya halali na viungo. Kula mkahawani kila siku ndiko kunakomaliza zile euro 992 kabla ya tarehe ishirini.

Jua nalo litakushangaza kuliko baridi. Sisi jua linatoka saa kumi na mbili na ushei na kuzama saa kumi na mbili na ushei, mwaka mzima, hatufikirii. Berlin mwezi wa Desemba linachomoza baada ya saa mbili asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi jioni. Adhuhuri, alasiri na magharibi zinafuatana hivyo mbio, darasa likiwa katikati. Juni magharibi inaingia saa tatu na nusu usiku, na isha karibu na usiku wa manane. Pakua ratiba ya msikiti wa mji ule kabla hujafika, na muulize mwalimu wako wa dini mapema kuhusu kukusanya sala na kuhusu funga za siku ndefu, usingoje uchanganyikiwe huko. Hata asiyesali atauona ule mwezi wa kiza: wengi huanza kulala sana, kukosa darasa, kutojibu simu. Ikikukuta, vyuo vingi vina ofisi ya ushauri kwa wanafunzi na kwa kawaida hailipiwi. Kwenda huko si wazimu.

Masomoni, kazi ya kunakili maneno ya mtu bila kumtaja huko ni wizi, na mtu hufukuzwa chuo kwa hilo. Ile desturi ya kuja kwangu nikupakulie "project" ya mwenzako ubadilishe jina, iache Mwembe Tayari.

Wiki ya kwanza na wanaobaki

Ujerumani una wiki mbili tangu kuhamia ukaandikishe anwani yako kwenye ofisi ya mji, na bila karatasi hiyo mambo ya benki na kibali hukwama. India mwenye viza ya zaidi ya siku 180 hujiandikisha ndani ya siku 14. Uingereza siku hizi viza ni ya mtandaoni, fungua akaunti yako uhakikishe jina na tarehe ni sahihi. Namba ya dharura ni 112 Ulaya, 999 Uingereza, 911 Marekani, 112 India.

Nyumbani acha bahasha yenye kopi za kila kitu, na barua ya wakili inayompa mtu mmoja unayemwamini ruhusa ya kukufuatilia mambo ofisini, maana siku moja chuo kitataka uthibitisho kutoka KNEC, baraza la mitihani, nawe uko mbali. Laini yako ya simu ya hapa usiitupe wala usimpe mdogo wako. Iwe kwa jina la paspoti, washa huduma ya kutumia nje kabla hujapanda ndege, na ndugu akutilie salio mara kwa mara isifungwe, kwa sababu benki ya hapa na M-Pesa bado zitatuma namba za siri kwenye laini hiyo hiyo.